Mwanamume Asiye na Mahali

Ndoo yangu ilikuwa ndoo pekee pale bombani iliyotembea bila mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni juu ya tofali, kitabu mapajani, na foleni iliposogea, yeyote aliyekuwa karibu aliisukuma kwa mguu ikasogea nayo. Zamu yangu ilipofika, Hamida aliikinga, akaifunika, akaiweka kivulini. Kazi yangu ilikuwa moja tu: nisinyamaze.

Wasiotujua walidhani ninahurumiwa. Mama mmoja mgeni aliwahi kumuuliza Hamida kwa sauti ya chini kama miguu yangu ni mizima. Hamida akamjibu kwamba miguu ni mizima, ila mdomo uko kazini.

Newala maji hatufungulii, tunangojea. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda, na siku ukungu ukiondoka bonde la Ruvuma tunaliona lote kule chini, lakini mto wa kutazama haupiki ugali. Maji hupandishwa kwa pampu, na pampu ina siku zake. Ukisikia leo yatatoka, unapanga ndoo alfajiri na unaondoka adhuhuri, na katikati hapo kuna saa sita za kusengenya watu. Tulikuwa tumewasengenya wote, wengine mara mbili, wakati mwanangu Gervas, fundi pikipiki kule Masasi, aliponiletea kitabu alichokiokota kwa bei ya maandazi kwenye lundo la vitabu vikuukuu karibu na stendi.

Jalada halikuwepo na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala kaandika nani. Hadithi ilianzia ukurasa wa tisa, mwanamume aitwaye Shamte akiwa tayari amekasirika. Nilikuwa nakisoma kimoyomoyo kwenye foleni, nikacheka. Hamida ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana na hajawahi kumvumilia mtu acheke bila yeye. Akasema kama kuna cha kuchekesha kigawanywe, foleni ni ya wote. Nikaurudia ukurasa kwa sauti. Kufika wa kumi na nne, watu saba walikuwa wamevuta ndoo zao wakazikalia, na huo ndio ukawa mwanzo wa chama chetu cha kusoma, ingawa hakuna aliyekiita chama. Tulikiita foleni.

Masharti yalijitunga yenyewe. Ndoo ya msomaji husukumwa. Anayekatiza sentensi huenda mwisho wa mstari. Asiyekuwepo husimuliwa na jirani yake, wala asilalamike akisimuliwa vibaya. Hakuna maji, hakuna kitabu, kwa maana siku pampu ikigoma wengine hubaki nyumbani, na si haki hadithi iwapite. La mwisho lilikuwa kwamba hakuna kutangulia, hata msomaji mwenyewe. Kitabu nilikwenda nacho nyumbani, lakini nilikuwa nimeapa mbele ya ndoo zote kwamba sitakifungua.

Niseme sasa juu ya ulimi wangu, maana yote yametoka huko. Nikiandika, kila r hukaa mahali pake. Nikisema, inahama na kuwa l. Darasa la tano mwalimu mmoja aliyetoka mbali alinisimamisha nisome habari ya marafiki wawili, na kila nilipofika kwao nilisema "malafiki". Akaniambia rudia. Nikarudia mpaka kengele ikalia, darasa zima likicheka, wakiwemo wale ambao ndimi zao zilikuwa kama wangu ila hawakusimamishwa. Nilitoka pale na jina la Lafiki, nikamaliza nalo la saba, na kwa miaka thelathini na mitatu sikusoma kwa sauti mbele ya mtu. Bombani nilisoma kwa sababu pale sote ni wa ulimi mmoja. Nani angemcheka nani?

Mwanamume pekee aliyekaa nasi mpaka mwisho wa kila sura alikuwa Fortunatus, Baba Alfredi, mtu wa madumu manne na baiskeli. Alizaliwa Lisekese, kule chini Masasi, akapanda huku kuoa, na kwa desturi ya wazee wetu, ambayo wengi hatujaiacha, alihamia kwa mke. Hakuwa msemaji. Mahali pa kucheka alitikisa kichwa, mahali pa huzuni alikagua upepo wa tairi.

Siku ninayoizungumzia tulikuwa katika sura ya saba. Huyo Shamte wa kitabuni alikuwa amekaa miaka minne nyumbani kwa mjomba wa Kibibi, binti aliyempenda. Alifanya kazi pale, alikula pale. Asubuhi moja akachukua kikapu chake akatoka. Shangazi mtu akamkuta mlangoni akamuuliza mbona hangoji Kibibi arudi kutoka kisimani, na jibu la Shamte ndilo lililoifunga sura. Nililisoma polepole, maana niliona ni jibu zito: "Mwanamume asiye na mahali hana cha kungoja."

Papo hapo bomba likakohoa, maji yakatoka, watu wakasimama. Tukachota, tukaenda.

Kisha pampu ikaharibika siku tisa.

Siku tisa bila maji ni siku tisa bila kitabu, lakini watu walikuja vilevile kila asubuhi na ndoo tupu, maana maji ya Newala hayapigi hodi, na kwa kuwa hakukuwa na kusoma kulikuwa na kubishana. Hamida alimwona Shamte mtovu wa adabu. Mtu kala ugali wa watu miaka minne, alisema, halafu anadai hana mahali; alitaka atandikiwe zulia? Wengine wakamtetea, wakasema kulala ndani ya nyumba na kuwa na mahali ndani yake ni mambo mawili. Neno lile lilituingia kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na baba, au mume, au mkwe, aliyewahi kuhamia nyumba ya watu.

Siku ya nne Fortunatus akazungumza. Hakuinuka kwenye dumu lake.

"Mimi mwaka huu ni wa ishirini na mbili pale nyumbani," alisema. "Najua kila kitu kilipo. Jembe, chumvi, hata nyoka anapopita. Ila hakuna kitu ninachoweza kukihamisha bila kuuliza. Huyu Shamte simlaumu."

Hamida, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, alianza kutafuta kifuniko cha ndoo yake, nacho kilikuwa mkononi.

Kabla ya adhuhuri maneno yale yalikuwa yamemfikia Dominika, mke wake. Sijui aliyeyapeleka. Mimi namshuku Hamida, naye ananishuku mimi. Dominika ni mwanamke asiyepoteza maneno, na wengi tulitegemea kishindo. Badala yake, siku ya pili yake alimchukua mumewe nyuma ya jiko, akamwonyesha ardhi kuanzia ukutani mpaka kwenye mbaazi, akamwambia hapo apande anachotaka, asimuulize mtu. Fortunatus akasema anataka mikorosho.

Mhogo hata mpangaji hupanda. Mwakani unang'olewa na hakuna anayekumbuka. Mkorosho hukaa. Wewe unazeeka, wenyewe unazaa, na wajukuu wakigombana watu huuliza mti huu kaupanda nani. Kaka zake Dominika walikuja wakanung'unika, mmoja akataka kujua tangu lini shamba la ukoo linagawanywa kwa hadithi za bombani. Dominika akawaambia sehemu ile alipewa na mama yake mkononi. Fortunatus akachimba mashimo matatu yangojee mvua. Alitupa habari hiyo kwa maneno mawili tu, "Mashimo matatu," kisha akatazama pembeni kama mtu aliyetaja jambo la aibu. Alikuwa na furaha mpaka ikamzidi.

Nami nilijiona. Kitabu sikukiandika, lakini sauti ilikuwa yangu, na sauti yangu ilikuwa imechimba mashimo matatu kwenye ardhi ya watu. Nikataka sana kujua Shamte atapata wapi mahali pake. Siku ya nane nikavunja kiapo, nikafunga mlango mchana kweupe, nikaifungua sura ya nane.

Shamte hakuwa akitafuta mahali popote. Alikuwa mjini, akibeba magunia ghalani, akitafuta mahari. Mjomba wa Kibibi alikuwa ametaja kiasi, Shamte hakuwa nacho, basi. Nikarudi sura ya saba, mstari wa mwisho, nikauwekea kidole. M, a, h, a, r, i. Jicho langu lilikuwa limeiona r, ulimi ukasema l, na mimi nikausikiliza ulimi kama wengine wote. Katika kitabu chote hakuna mtu aliyemnyima Shamte mahali. Mjomba alimpenda, alimpa hata chumba chenye dirisha.

Niliogopa, na sitasema niliogopa kwa ajili ya Fortunatus peke yake. Nilimwona, ndiyo, mtu aliyefungua kifua chake mbele ya ndoo za watu kwa ajili ya neno lisilokuwepo, na shemeji zake wakija kuyatazama yale mashimo na kucheka. Lakini kabla ya kumwona yeye nilijiona mimi, nimesimamishwa darasa la tano, naambiwa rudia.

Maji yalipotoka nikaisoma sura ya nane kwa kuipinda. Kila palipokuwa na ile r niliiacha iwe l kwa makusudi, na sentensi zilizokataa niliziruka. Shamte wangu alibeba magunia ili apate mahali. Hesabu ya mjomba nikaifanya ukubwa wa chumba. Watu walifuata vizuri kabisa, na Fortunatus alitikisa kichwa katika sehemu ambazo nilikuwa nimezitunga mwenyewe sekunde ile. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Siku hiyohiyo alikuwa amekuja Naima, karani kwenye ofisi moja ya mjini, amehamishwa kutoka Tanga hata mwezi hajamaliza. Msichana mwenye adabu. Ndoo ya msomaji aliisukuma bila kuambiwa. Tulipotawanyika akanifuata.

"Shikamoo, Mama Gervas."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeingia hadithi iko katikati. Naomba nikiazime kitabu nikasome zile sura za nyuma, nisikae nanyi kama mjinga."

Angeomba kwa kiburi ningemnyima kwa raha. Nikamwambia kuna kurasa zimelegea, nazibandika kwa uji, zikikauka nitampa. Safari iliyofuata akauliza tena, nikasema uji haujakauka. Safari ya tatu Hamida akawa amesimama nyuma yetu.

"Uji gani huo usiokauka kwa jua la Newala?" akauliza. Nikakibana kitabu kwapani. Akasema kwamba kama kitabu kimekuwa mume wangu, basi na ndoo niisukume mwenyewe.

Nilidhani ni utani. Siku ile nikakaa kwenye tofali langu nikasoma sura ya tisa, ambayo kwa bahati ilihusu mafuriko, na nilipoinua macho foleni ilikuwa imesogea, ndoo yangu imebaki pale nilipoiweka. Watu walikuwa wameizunguka wakapita. Hakuna aliyenitukana. Nikafunga kitabu, nikaenda kuiinua ndoo yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na nikiwa mwisho kabisa wa mstari nikaelewa kwamba nilikuwa nailinda aibu yangu kwa mali ya watu. Walikuwa wamenipa masikio yao, nami nilikuwa nawalisha kisichokuwepo.

Wiki iliyofuata mawingu yakaanza kukaa upande wa kusini. Mtu mwenye mashimo tayari huyaona mawingu kabla ya wengine, na Fortunatus alikuwa ameshaagiza miche. Maji yakatangazwa Jumamosi. Nilipofika bombani nikamkuta Dominika, ambaye kwa kawaida hakanyagi pale kwa sababu madumu ni kazi ya mumewe. Alisema amekuja kumsikia mwenyewe huyo Shamte anayempangia nyumba. Watu wakacheka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Sikukaa kwenye tofali. Nilisimama, kitabu nimekishika kwa mikono miwili, nikawaambia kwamba leo sisomi mpaka niseme. Nikawaambia nilikula kiapo nikakivunja. Nikawaambia kwamba sura ya nane waliyoisikia haikuwa ya kitabu, ilikuwa yangu. Na kwamba ile ya saba niliwasomea kwa haki, lakini neno moja sikulisema lilivyo.

"Halikuwa mahali," nikasema. "Lilikuwa mahali."

Wakanitazama. Nikajaribu tena, nikaurudisha ulimi nyuma, nikausukuma mbele, nikasikia "mahali" ikitoka ileile, mbele ya watu wote, kama miaka thelathini na mitatu haikupita. Nikasema ile wanayodai wazee wa binti. Ile ya posa. Naima, kutoka nyuma, akasema taratibu, "Mahari," na r yake ikapita juu ya ndoo zetu imenyooka kabisa.

Hamida ndiye aliyeanza kucheka, wakafuata wote. Kicheko nilichokikimbia tangu utoto kilinifika, kikanipita, na nilipohesabu viungo vyangu vilikuwa vyote. Kilikuwa kirefu sana, watu wakashikana mabega, maana kila mmoja alikuwa anakumbuka alivyobisha siku tisa juu ya neno lililozaliwa kinywani mwangu. Hamida akafuta machozi akasema kumbe zulia alilomtandikia Shamte lilikuwa la bure.

Fortunatus hakucheka. Alikuwa anakaza kamba ya dumu iliyokwisha kukazwa. Vicheko vikaona hivyo, vikapungua kimoja kimoja, mpaka likasikika bomba likichuruzika.

Dominika akamwomba Naima asome mstari ule kama ulivyoandikwa. Naima akaja, nikamwonyesha, akasoma: "Mwanamume asiye na mahari hana cha kungoja." Alisoma vizuri, kama redio.

"Sasa soma wewe, Mama Gervas," Dominika akaniambia.

"Mimi nitakosea vilevile."

"Soma."

Nikasoma. "Mwanamume asiye na mahali hana cha kungoja."

"Hicho ndicho kilicholetwa nyumbani kwangu," akasema.

Fortunatus akaiacha kamba. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja bombani aliinuka akiwa na la kusema, na alilisema akimtazama mkewe, si sisi.

"Na hiyo nyingine pia sikuwa nayo."

Ilituchukua muda kuelewa. Kisha nikakumbuka, kama wote wa rika langu walivyokumbuka, kijana aliyepanda kutoka Lisekese na baiskeli ya kuazima, akalima mashamba ya wakwe misimu mitatu kwa sababu mkono wake ulikuwa mtupu, na jinsi kaka za Dominika walivyolitaja jambo hilo kila sherehe, kwa mzaha, kwa miaka ishirini na miwili. Aliyeingia bila hiyo moja hakupewa nyingine. Mimi nilikuwa nimeona aibu ya kuchanganya maneno mawili, na kulikuwa na mtu kati yetu aliyeishi ndani ya yote mawili kwa pamoja.

Dominika hakuinamisha uso wala hakupunguza sauti.

"Niliwahi kukuuliza?" alisema.

"Hujawahi."

"Basi."

Akalishika dumu la kwanza la mumewe, akalisogeza mbele, akarudi akachukua la pili. Foleni ilikuwa imeanza kwenda. Nikampa Naima kitabu, nikamwambia asome yeye, ndivyo haki ilivyo, neno lipate kusemwa lilivyo. Naima akakipokea kwa mikono miwili. Akamtazama Hamida, akamtazama Dominika aliyekuwa ameinamia madumu, kisha akanirudishia kikiwa wazi palepale, akasema yeye alikuja kusikiliza.

Nikakaa. Nikarudi sura ya nane, nikaianza upya, safari hii bila kuruka hata mstari. Shamte alikuwa mjini na gunia mgongoni, na neno lile lilikuwa kila ukurasa, mara tatu, mara nne. Kila nilipolifikia nililisema. Hakuna aliyeuliza ni lipi.